Kuandaa Sherehe ya Ndoa Yenye Maneno Yenu Wenyewe: Mwongozo kwa Maharusi wa Mwanza

Kila ninapokutana na kamati ya harusi kwa mara ya kwanza, swali ninaloulizwa kabla soda hazijafunguliwa ni hili: "Kwa hiyo wewe ndiye MC?" Hujibu kwamba sivyo, na kwamba mimi si padri, si mchungaji wala si shehe. MC, yaani mshereheshaji, ana kazi yake ukumbini: kuingiza maharusi, kuita meza za zawadi, kuchangamsha watu na kulinda ratiba ya chakula. Kazi ninayoifanya mimi huja kabla ya hiyo, nayo ni kuwasimamisha watu wawili mbele ya ndugu zao, kuwasimulia, kuwaongoza katika viapo na kuwapa wazee nafasi ya kusema neno lao. Kiswahili bado hakijapata jina moja lililozoeleka la mtu huyu, kwa hiyo katika mwongozo huu nitamwita mwongoza viapo.

Wanaomhitaji ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo Mkristo na Mwislamu walioamua kuoana bila yeyote kubadili dini. Wapo waliowahi kuachana na wenzi wao wa kwanza, na kanisa haliwezi kuwafungisha tena. Wapo waliokwenda bomani miaka kumi iliyopita wakiwa na mashahidi wawili na kamera ya simu, na sasa wanataka ndugu wawaone wakisimama pamoja. Wapo pia vijana wa Mwanza wanaoishi ughaibuni, ambao wameona sherehe za namna hii huko na wanataka kuifanya nyumbani kando ya ziwa. Hawa wa mwisho ndio wanaohitaji kusoma sehemu inayofuata kwa makini zaidi, kwa sababu walichokiona huko si lazima kiwe na nguvu ileile hapa.

Bomani kwanza

Nchini Australia, serikali ilianza kuwateua waongozaji wa kiraia mwaka 1973, na ndoa inayofungwa mbele ya mwongozaji aliyeidhinishwa ni ndoa kamili. Scotland imekubali ndoa zinazofungishwa na wanahumanisti, yaani watu wanaofuata maadili ya utu bila dini, tangu mwaka 2005. Lakini England na Wales, sherehe inayoongozwa na mtu wa namna hii peke yake haizai ndoa ya kisheria, na maharusi hulazimika kupitia kwa msajili. Tanzania tuko upande huo wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ndoa ya dini na ndoa ya kimila, na kila moja ina wafungishaji wake. Mwongoza viapo wa kujitegemea hayumo, hata awe na sauti nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Nyamagana au Ilemela kulingana na mnakoishi, na kutoa taarifa ya nia ya kuoana. Sheria inataka taarifa hiyo itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya siku ya ndoa, kisha itangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ninawashauri maharusi wasihesabu siku 21 kana kwamba ni muda wa kutosha, kwa sababu cheti cha kuzaliwa chenye herufi moja iliyokosewa kinaweza kula wiki mbili. Anzeni miezi miwili kabla. Beba vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na picha ndogo, na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, beba hati ya talaka ya mahakama au cheti cha kifo cha mwenzi wake.

Taarifa hiyo pia hutaja iwapo ndoa itakuwa ya mke mmoja au itaruhusu wake zaidi. Zungumzeni jambo hili nyumbani. Nimewahi kuwasindikiza maharusi walioulizwa swali hilo mbele ya karani, wakatazamana kwa muda ambao wote tuliokuwepo tuliuona kuwa mrefu mno.

Siku ya bomani iwe kabla ya sherehe, hata kama ni Ijumaa asubuhi na sherehe ni Jumamosi jioni. Mashahidi wawili wanatosha. Baada ya hapo mna cheti, na mwongoza viapo anaweza kufungua sherehe kwa kusema wazi kwamba hawa wawili wameshafunga ndoa mbele ya msajili na leo wanaitangaza mbele ya watu wao. Sentensi hiyo isiachwe. Inamwondolea mjomba aliyeketi nyuma wasiwasi wa kama hili ni igizo, na inamlinda mwongozaji asije akaonekana anafungisha ndoa bila mamlaka. Kwa sababu hiyo hiyo, mkitaka kutia saini karatasi ya kumbukumbu siku hiyo, msiitengeneze ikafanana na cheti cha serikali.

Wengine huniambia kwamba wameishi pamoja miaka mingi, kwa hiyo sheria imeshawatambua. Ni kweli kwamba sheria inawadhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, kuwa wameoana. Lakini hiyo ni dhana tu, na inaweza kupingwa mahakamani, mara nyingi siku ambayo mmoja wao hayupo tena kujieleza. Nendeni bomani.

Mazungumzo yanayozaa sherehe

Mkishapanga tarehe, mwongoza viapo anahitaji kuwasikiliza. Mimi hutaka mikutano mitatu: mmoja na nyote wawili, na mmoja na kila mmoja peke yake. Mkiwa pamoja mtasimulia hadithi mliyokwisha kuizoea, ile mnayowasimulia wageni, na kila mmoja atamalizia sentensi za mwenzake. Mkiwa mmoja mmoja ndipo vinapotoka vitu vyenye uzito.

Nitatoa mfano. Bwana harusi mmoja, fundi wa mashine za boti, aliniambia walikutana kwenye mazoezi ya kwaya na kwamba alimpenda kwa sababu "ana tabia nzuri na anamheshimu kila mtu". Niliandika, lakini nilijua sina kitu, kwa kuwa maneno hayo yangemfaa bibi harusi yeyote kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Wiki iliyofuata bibi harusi aliniambia kwamba alipopata kazi Dodoma, kila Ijumaa kwa miezi saba kondakta wa basi alimpigia simu kumwambia ana mzigo wake: ndoo ndogo ya dagaa waliokaushwa, iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni na kamba ya bluu ya boti. Hakukuwa na barua wala ujumbe. Alisema, "Nilianza kuijua ile kamba kabla sijamjua yeye." Sherehe nzima niliijenga juu ya kamba hiyo, na siku yenyewe hawakuhitaji mishumaa wala mchanga wa rangi, waliviringishiwa mikononi kipande cha kamba ya bluu ya boti, na waliokuwa wanajua walianza kucheka na kulia kabla sijamaliza kueleza.

Maswali yanayofaa ni madogo. Nani huamka kwanza? Mligombana lini mara ya mwisho, na nani alirudi kuongea? Mwenzako hufanya nini anapokuwa na hofu? Ni nani katika familia aliyemkubali mchumba mapema, na nani alichelewa? Ni chakula gani mlikula siku mliyoamua? Swali la "unampenda kwa nini" lisiulizwe, maana jibu lake huwa ni orodha ya sifa. Mwongozaji anayewaletea fomu yenye mistari ya kujaza majina na tarehe, kisha akatoweka hadi siku ya sherehe, msimlipe malipo ya awali.

Viapo viandikwe na wanaoviapa. Kazi ya mwongozaji ni kuvisoma mapema, kuhakikisha vinalingana kwa urefu na kuzuia aibu ya mmoja kuapa kurasa mbili na mwenzake mistari mitatu. Nusu dakika hadi dakika moja kwa kila mmoja inatosha. Hiki ni kiapo kama kinavyoletwa mara nyingi: "Ninakuahidi kukupenda milele, katika shida na raha, wewe ni moyo wangu na pumzi yangu." Hakina kosa, ila hakimtaji mtu. Baada ya mazungumzo ya saa moja, bibi harusi mmoja, mwalimu, alikibadilisha hivi: "Ninaahidi kwamba nikikasirika nitasema nimekasirika, sitanyamaza siku tatu kama nilivyofanya mwaka ule. Ninaahidi mama yako atakuwa na chumba nyumbani kwetu. Ninaahidi kukusubiri uliko ziwani bila kukupigia simu mara kumi, lakini mara mbili nitapiga." Ukumbi ulicheka kwenye "mara mbili", na bwana harusi alishindwa kuanza cha kwake kwa muda.

Chagueni lugha mapema. Kiswahili kinabeba sherehe, lakini neno moja la Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya mahali panapostahili humfanya bibi aliyetoka Ukerewe kwa meli ajue kwamba ameitwa, si kwamba ameletwa. Neno hilo liulizwe kwa mwenye lugha. Nilihudhuria sherehe ambayo mwongozaji aliyetoka mbali aliwasalimu wazee "mwangaluka" saa kumi jioni. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Wazee waliitikia kwa heshima, lakini mstari mzima wa mbele ulikuwa unatikisika mabega.

Wazee na dini

Sherehe ya viapo isiyo na wazee, hapa kwetu, ni kikao cha marafiki. Kabla haijafika siku hiyo, barua ya posa imeshapelekwa, mshenga ameshavaa viatu vyake mara nyingi, mahari yamejadiliwa na huenda sendoff imefanyika. Watu waliofanya kazi hiyo hawawezi kugeuzwa watazamaji. Mshenga atajwe kwa jina. Shangazi aliyemlea bibi harusi amsindikize, pamoja na wazazi au badala yao, kama ndivyo ilivyokuwa maishani. Walioaga dunia watajwe, kwa sentensi moja tu, mapema, ili huzuni ipate nafasi yake kisha ipishe furaha.

Kumpa mzee nafasi ya kusema kuna hatari inayojulikana na kila aliyewahi kuhudhuria harusi: dakika mbili huwa ishirini. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutomwambia "sema neno", bali kumpelekea swali moja wiki mbili kabla. "Babu, siku ulipomwoa bibi, ni ushauri gani uliopewa ambao uliukataa?" Mzee mwenye swali hulifikiria, hulijibu na huketi. Mzee aliyepewa maiki bila swali huanza na historia ya ukoo.

Kuhusu dini, ushauri wangu ni kutoificha. Pale ambapo familia moja ni ya Kiislamu na nyingine ya Kikristo, wazazi wenyewe wanaweza kuomba, kila mmoja kwa namna yake, baba upande huu na mama upande ule, bila kumweka kiongozi wa dini katika nafasi ya kubariki kile ambacho dini yake haijakiridhia. Hili lisemwe kwa wazazi ana kwa ana, nyumbani kwao, na maharusi wenyewe, wala lisitumwe kupitia kundi la WhatsApp la kamati. Nimeona mama aliyekataa kuja akabadili nia alipoambiwa kwamba dua yake ndiyo itakayofunga sherehe.

Ziwa, jua na upepo

Mahali pazuri si haba, lakini ziwa lina tabia zake. Ufukwe wa Capri Point unatazama magharibi, kwa hiyo mkiwaketisha wageni wakilitazama ziwa saa kumi na moja jioni, jua litakuwa machoni mwao na picha zote zitaonyesha watu wakikunja nyuso. Pangeni viti vikielekea kaskazini au kusini, jua liwe ubavuni. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, ikitegemea mwezi. Sherehe ya nusu saa inayoanza saa 11 kamili inawaachia nafasi ya picha za mwanga wa dhahabu. Nasema kamili nikijua tunavyoishi. Kadi iandikwe saa 10.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Huu ndio unaolaza shela ya bibi harusi usoni mwake na kuingia kwenye maiki ukasikika kama lori linapanda mlima. Maiki ivalishwe sponji, mwongozaji asimame akiwa ameupa upepo mgongo, na spika ziwekwe pia nyuma ya wageni, kwa kuwa walioketi huko ndio wazee waliochelewa. Mishumaa ufukweni haiwaki. Mkiitaka, fanyieni ndani. Baada ya giza, taa kali karibu na maji huita mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma lakini wanaoingia kwenye keki na mdomoni mwa mwimbaji.

Mvua za vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni salama zaidi, ingawa kumbi nazo hujaa. Mkichagua ufukwe, uendeeni wenyewe mwezi ule wa sherehe, msitegemee picha za zamani: ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na baadhi ya fukwe zilizopigiwa picha kwa miaka mingi zilimezwa na maji. Kisiwa cha Saanane kinavutia, lakini ni hifadhi ya taifa, maana yake ni kibali, viingilio na boti zenye muda wa kurudi. Kinafaa kwa watu ishirini, si kwa mia tatu. Wageni wa Sengerema na Geita sasa wana daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo kisingizio cha kivuko kimepungua.

Jenereta iwepo, na iwashwe mara moja asubuhi ili kujua kama inawaka.

Mpangilio na mazoezi

Sherehe yenyewe isizidi dakika thelathini. Matarumbeta huwaleta wazazi, kisha bwana harusi na wapambe, kisha bibi harusi. Mwongozaji anakaribisha, anataja ndoa ya bomani, anawakumbuka marehemu, anasimulia habari ya wawili hawa kwa dakika nane hadi kumi. Wazee wawili wanajibu maswali yao. Viapo vinafuata, kisha pete, kisha ishara kama mnayo, kisha tangazo na vigelegele. Ishara iwe moja. Wengine huchanganya maji ya ziwa kutoka pande mbili walizozaliwa, wengine hufunikwa kitenge kimoja na mama zao. Mkiweka kamba, maji, kitenge na njiwa, hakuna hata kimoja kitakachokumbukwa. Ngoma ya Bugobogobo na majembe yake ipendeze baada ya tangazo, kamwe si kabla, kwa sababu hakuna kiapo kitakachosikika tena ikishaanza.

Fanyeni mazoezi siku mbili kabla, palepale, saa ileile. Hamhitaji kusoma viapo kwa sauti. Mnahitaji kujua nani anashika pete, nani anapokea shada la maua, na bwana harusi asimame wapi ili asimzibe mwenzake kwa kamera. Mshereheshaji na mpiga picha wawepo. Mshereheshaji aelewe kwamba muziki wake unanyamaza mwongozaji anaposhika maiki, na mwongozaji aelewe kwamba akishatangaza, kazi yake imekwisha na asirudi kuchukua maiki ukumbini.

Malipo ya mwongozaji yaingizwe kwenye bajeti ya kamati kama mstari wake wenyewe, kama mpambaji na mpishi, wala yasiachwe kuwa "asante" ya bahasha itakayokumbukwa baada ya vinywaji. Makubaliano yaandikwe: mikutano mingapi, rasimu mara ngapi, usafiri wa nani, na nani atashika nafasi yake akiugua. Ombeni rasimu nzima wiki tatu kabla, isipokuwa kiapo cha mwenzako, ambacho hutakisikia hadi siku hiyo.

Maandishi yachapwe kwa herufi kubwa na kuwekwa kwenye jalada gumu, yasisomwe kwenye simu, kwa kuwa kioo cha simu hakionekani juani. Chapeni nakala mbili. Ya pili akabidhiwe mtu asiyehusika na lolote siku hiyo. Mimi humpa shangazi, naye huiweka kwenye mkoba pamoja na leso na dawa ya kichwa. Siku ile ya kamba ya bluu jalada langu lilidondoka majini wakati matarumbeta yanaingia, na nakala niliyosomea ilikuwa ile iliyotoka mkobani, yenye alama ya mafuta ya sambusa kwenye ukurasa wa viapo. Maharusi waliiomba hiyo hiyo waihifadhi.